Picha ya Mama Akiwa Amesimama

Mama yangu hakuwahi kusimama hata siku moja tangu nimfahamu.

Lakini kwenye picha iliyowekwa juu ya jeneza lake alikuwa amesimama... gauni la zambarau, viatu vya kisigino, mkono kiunoni.



Naitwa Devota Kalinga. Mnaonijua humu, leo naomba msinipe pole. Someni kwanza.

Tulikuwa Iringa, nyumbani kwa marehemu baba. Shangazi Evarista, dada yake baba, ndiye aliyesimamia msiba wote. Wakwe zangu walishafika, wamekaa mbele kwenye viti vya plastiki. Mchungaji akaita wasifu wa marehemu, na msomaji ni mimi.

Ndipo Coaster ya akina mama wa sokoni Mbalizi ikaingia. Mama Ikupa, aliyeuza mchele na mama meza moja miaka ishirini, akaenda moja kwa moja kwenye jeneza. Akaitazama picha, akatugeukia.

"Huyu nani? Mbona mmeweka mtu mwingine?"



Ngoja niwaambie mama alikuwa nani. Kwao ni Karonga, Malawi. Polio ilimlemaza miguu yote akiwa mdogo. Alivuka mpaka wa Kasumulu amekaa nyuma ya baiskeli ya baba, na ndugu wa baba wakamwita "lile li-Mnyasa linalotambaa". Baba alipofariki, shangazi alimtupia virago nje. Mimi nilikuwa na miezi minane.

Hakurudi kwao. Alitua Mbalizi, akaanza kuuza mchele wa Madibira. Alitambaa kwa viganja, kandambili kavaa mikononi, mimi nimefungwa mgongoni kwa kitenge. Siku moja mwanaume mmoja akamtupia shilingi mia mbili akidhani ni ombaomba. Mama akampimia mchele wa mia mbili, akamwita arudi achukue mzigo wake. Soko zima lilimcheka yule baba.

Mchele huo ndio ulionisomesha mpaka chuo.

Sasa ule mwili wa kwenye picha niliujua. Ulikuwa wa shangazi. Gauni lake, viatu vyake, na kile kitambi chake. Kichwa tu ndicho cha mama. Wale wa Mbalizi nao wakagundua, wakaanza kumsonya. Na mimi nikamkazia macho kama wao.

Shangazi hakupandisha sauti.

"Devota, waambie basi. Picha hii si nimeitoa ukutani kwako?"

Ndiyo. Hicho sikuwaambia...

Mimi ndiye niliyeitengenezesha studio, mwaka ule nilipoposwa na Gideoni. Mama mkwe alitaka kumjua mama yangu. Nikadanganya amerudi Malawi kuuguza ndugu, nikampelekea picha, nyingine nikaitundika kwangu. Siku ya harusi, aliyekaa kiti cha mama alikuwa shangazi yuleyule wa virago! Mama yuko Mbalizi anapima mchele. Hata msiba niliuleta Iringa ili wakwe wasifike Mbalizi.

Kwangu alifika mara moja tu, nilipojifungua, Gideoni akiwa safarini. Akaiona picha ukutani, akaiangalia muda mrefu.

"Amependeza," akasema. "Ila huyu na visigino hivi, alikubebaje mgongoni?"

Akacheka peke yake. Akafua nepi za mwanangu. Hakuomba kumbeba mtoto, na mimi sikumpa. Akaondoka kabla mume wangu hajarudi.

Nasema bila kupamba: najionea kinyaa.

Pale msibani nilishika maiki, karatasi ya wasifu nikaikunja, nikasema yote, hata la nepi. Kisha nikaiondoa ile picha. Mama Ikupa akafungua mkoba wake, akatoa kandambili za mama zilizolika upande mmoja, akaziweka pale pale.

Mama mkwe akainuka taratibu, akanijia. Nilijua nazabwa kibao mbele za watu, na nilikitaka. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo mjukuu wangu hajawahi kubebwa na bibi yake?"

 

Wewe unayesoma hapa ukisema huyu dada hana utu, ni kweli, sibishi. Ila fungua na wewe simu yako, tafuta picha uliyomkata mzazi wako ili watu wasimwone. Ukishaiona, mpigie wakati bado anapokea.