Vidonge Vilivyobaki

Jikoni kwa Goretti, nyuma ya mfuko wa unga, kulikuwa na kopo la dawa zilizobaki. Desturi hiyo alikuja nayo kutoka kambi ya wakimbizi. Kule zahanati ilikaa hata mwezi bila dawa, na aliyepata nafuu aliwawekea wengine. Mtu asimcheke.

Baridi ilipoanza, mwanawe Elisée aliumwa koo. Daktari wao huko Coon Rapids, Marekani, alimpima, akakuta bakteria. Akampa vidonge vya siku kumi. Siku ya tatu homa ikaisha, mtoto akaanza kudai chakula.

"Umepona," Goretti akasema. "Zingine tutaziweka."

"But the doctor said finish them, Mama."

"Docteur hajui shida ya kukosa dawa. Mimi naijua."

Vichache alimpa Bernardine wa kanisani, ambaye mtoto wake alikuwa anakohoa. Vingine vikaingia koponi.

Wiki chache zikapita. Magoti ya Elisée yakavimba, kisha viwiko. Akawa anahema hata akiwa amekaa. Goretti aliogopa, akamwita Kendi, jirani Mkenya ambaye ni muuguzi.

"Dawa ya koo alimaliza?" Kendi akauliza.

Goretti akaleta kopo.

"Mama Elisée, vaa koti. Twende emergency sasa hivi. Nita-drive mimi."

Hospitalini waliambiwa kwamba vali moja ya moyo imeharibika. Elisée atachomwa sindano kila mwezi, kwa miaka mingi. Kucheza mpira, basi.

"Dawa ikikatizwa, bakteria wa koo wanaweza kubaki," Kendi alimweleza. "Mwili unapigana nao, na mara nyingine unakosea, unaumiza moyo wenyewe."

"Basi ni mimi nimemuumiza."

Kendi alimshika mkono. Hakutaka kumdanganya.

"Nyumbani mnatumia kikombe kimoja?" akauliza baadaye.

"Wote."

"Wacheni hiyo. Bakteria hao hupita kwenye mate na kikohozi. Mgonjwa awe na kikombe chake na kijiko chake. Akohoe kwenye kiwiko. Nyote mnawe mikono kwa sabuni. Asirudi shule siku anayoanza dawa. Na dawa ya mtu ni yake peke yake. Kikohozi kingine hata si cha bakteria. Mwingine akiumwa, apimwe."

Theluji ilipoyeyuka, koo likamshika Merveille, mdogo wake Elisée. Goretti alimpeleka kupimwa mapema. Akamtengea kikombe. Akamsimamia mpaka kidonge cha mwisho, ingawa mtoto alikuwa ameshachangamka zamani.

Bernardine akapiga simu kuomba vidonge. "Mama Elisée, hakuna comprimé kidogo zimebakia? Mtoto koo inamuuma."

"Hakuna hata moja, dada. Merveille alizimaliza zote, na lile kopo sina tena. Jitayarishe, mimi na Kendi tunakuja tumpeleke apimwe."

Merveille alipona kabisa. Jioni moja alichukua mpira wa kaka yake, akakimbia nao nje. Elisée alimtazama kutoka dirishani.