Kuti la Harusi Mwezi wa Suro

Kila Jumapili, kabla jua halijachomoza nyuma ya mlima Merapi, Wening alikuwa ameshawasha moto jikoni. Kazi yake ilikuwa kukata tempe, yaani soya iliyochachushwa ikashikana, vipande vyembamba na kuvichovya katika uji wa unga wa mchele na bizari. Mama yake, Bu Lastri, alikaanga. Kisha wawili hao walibeba sinia na birika mpaka kwenye kibanda chao cha chai, pale juu kabisa ya mlima wa Watuloyo, ambapo mtu akisimama ukingoni huyaona mashamba ya mpunga yakishuka ngazi kwa ngazi hadi bahari ya kusini.

Waendesha baiskeli wa mjini waliipenda sana njia hiyo. Walipanda huku ndimi ziko nje, wakiulaani mlima tangu chini hadi juu, na wakishafika waliupiga picha na kuusifu kana kwamba waliujenga wao.

"Watu wa mjini wana mambo," Mbah Kromo, babu yake Wening, alizoea kusema. "Pikipiki wanazo nyumbani. Wanakuja kujitesa mlimani, halafu wananunua chai ili wapate nguvu ya kujitesa tena."

Lakini Jumapili kadhaa sasa hakuna aliyepanda. Tempe ilipoa, ikarudishwa nyumbani, ikaliwa mchana na jioni mpaka kuku wakaanza kupewa. Na juzi Wening alikuwa ameona jambo lililomnyima raha: begi la bluu la mama limeshushwa kutoka juu ya kabati. Begi lile alilijua. Ndilo mama aliloondoka nalo kwenda Jakarta kulea watoto wa watu, akakaa huko miaka, Wening akilelewa na babu. Mwaka jana mama alirudi, akafungua kibanda, akasema haondoki tena. Wening hakuthubutu kuuliza begi limeshuka kufanya nini.

Jumapili hiyo walikuwa wanataka kufunga ndipo baiskeli moja ikatokea upande wa nyuma wa mlima. Alikuwa Mas Haryo, kijana anayewaongoza wenzake wa mjini, na fulana yake ya njano imelowa jasho.

"Lo, Bu Lastri! Kumbe mmefungua?"

"Tulifunga lini, Mas Haryo? Nyinyi ndio mmetuhama."

"Si mna harusi huku? Kila tukifika njia panda tunakuta kuti la harusi limesimamishwa. Tunajua turubai limeziba barabara. Nani apite na jasho lake katikati ya wali wa watu? Tunageuza, tunapita njia ya chini, tunakunywa kwa Pak Tukiran. Leo nimezunguka nyuma peke yangu, niione harusi hii isiyoisha."

Katika milima hiyo hakuna asiyelijua kuti la harusi. Ni kuti changa la mnazi, la njano, linalofungwa kwenye mwanzi na kuinama juu ya barabara. Halina herufi hata moja, lakini linasema: harusi iko huku. Na kwa kuwa turubai la wageni hutandwa katikati ya barabara, mwenye adabu hutafuta njia nyingine.

"Tena Jumapili ijayo tunachagua njia yetu ya mwaka mzima," Mas Haryo aliendelea huku akipuliza chai. "Mimi roho yangu iko huku juu. Lakini wenzangu wanasema huku kumefungwa kila wiki."

Wening aliweka sinia chini. "Mas, kuti la leo lilikuwa kavu au bichi?"

"Bichi kabisa."

"Lakini huu ni mwezi wa Suro!"

Mama na binti walitazamana. Mwezi wa Suro, ndio Muharamu, hakuna Mjava wa milimani anayeoa. Hata wapendanao wanaokaribia kutoroka husubiri mwezi uishe. Watu wa mjini wamesahau miezi, lakini kijijini kuti la harusi katika Suro ni uongo uliosimama hadharani.

Bu Parmi, jirani aliyekuja kuomba sukari, alivuta midomo. "Mimi simo. Lakini jiulizeni, ni nani siku hizi anauza dawet mpaka anaishiwa barafu? Lisemwalo lipo."

Mbah Kromo aliyekuwa ameketi pembeni aliinuka. "Msimseme mtu msiyemwona," alisema, akaenda kugeuza karafuu zake. Chai yake aliiacha nusu. Wening alifikiri tu kwamba babu ana huruma kupita kiasi.

Kuanzia siku hiyo, kila alichofanya Pak Tukiran kikawa ushahidi. Alikuwa mgeni kutoka bondeni, ameweka kibanda cha dawet, kinywaji baridi cha tui na sukari ya mnazi, kando ya kijito kwenye njia ya chini. Alipomsalimu Wening kwa sauti, Wening alisema moyoni: anajifanya mwema. Alipomsalimu taratibu, alisema: anaona haya. Akipita na panga, bila shaka linakata makuti. Na minazi si anayo mitatu nyuma ya nyumba?

Ubaya ni kwamba binti wa Pak Tukiran, Endah, aliketi dawati moja na Wening. Jumatatu Endah alimsogezea chipsi za muhogo kama kawaida. Wening akazisukuma.

"Kula mwenyewe. Nyinyi siku hizi mnavyo vingi. Eti, baba yako anaoa tena? Maana kila Jumapili kuti la harusi linasimama njia panda."

Darasa zima liliangua kicheko. Endah hakucheka.

"Una maana gani?"

"Maana unaijua. Wateja wetu wanapotezwa njia, wanaangukia kwenu."

"Umemwona baba yangu akifunga kuti?"

"Nani mwingine anafaidika?"

"Nimekuuliza, umemwona?"

"Sijamwona, lakini..."

"Basi Jumapili alfajiri twende tukaone, mimi na wewe. Ikiwa si yeye, utasimama hapa hapa mbele ya hawa wanaocheka, useme."

"Na ikiwa ni yeye?"

"Nitasimama mimi," alijibu Endah.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mama alizungumza kwa simu uani kwa sauti ya chini, na Wening alipokaribia akabadilisha mazungumzo. Begi la bluu lilipanguswa vumbi. Wening alimchukia Pak Tukiran kwa moyo wake wote.

Jumapili, mara tu baada ya sala ya alfajiri, wasichana wawili walijibanza nyuma ya mibuni kwenye njia panda. Ukungu ulikuwa mzito na umande uliwalowesha miguu. Wening alikuwa akimchunga Endah asije akakohoa kumwonya baba yake. Endah naye aliichungulia mikono ya Wening, asije akawa amekuja na kuti lake mwenyewe ili amsingizie mtu.

Ndipo wakasikia ndala. Hatua moja ilikuwa nzima, ya pili inaburuta. Wening aliujua mguu ule kabla hajamwona mwenyewe. Ulivunjika zamani kwa kuanguka kutoka juu ya mkarafuu, na tangu utotoni mlio wake ulikuwa unamwambia kwamba babu amerudi shambani.

Alitamani ukungu usifunguke. Ulifunguka. Mbah Kromo alikuwa pale, mwanzi begani na kuti changa la njano mkononi.

Wening alijiambia kwamba labda kuna sababu, labda waondoke polepole, labda Endah hakuona vizuri.

"Angekuwa baba yangu," Endah alinong'ona, "ungekuwa umeshapiga kelele."

Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana maneno yalimchoma Wening mpaka ndani. Akatoka kichakani.

"Mbah."

Mzee alishtuka, kamba ikamponyoka. "Wening! Unatafuta nini hapa na baridi hii?"

"Na wewe je, Mbah?"

Mzee alimtazama Wening, kisha akamwona Endah nyuma yake. Akaketi juu ya jiwe na kuliweka kuti magotini.

"Kuti la kwanza lilikuwa la kweli," alisema hatimaye. "Harusi ya mtoto wa Bu Parmi, kabla ya Suro. Lakini wiki moja kabla ya harusi ile, kijana mmoja alikuwa akiteremka ile kona ya nyuma ya mlima, ninapoanika karafuu. Uani kwetu kuna kivuli, mnajua. Lami ndiyo yenye jua. Tairi likateleza juu ya karafuu zangu, akaruka mpaka mtaroni. Goti lilichanika, damu chapachapa. Na unajua aliniambia nini? 'Samahani, Mbah, nimekumwagia karafuu.' Mimi ndiye niliyemwangusha, yeye ndiye aliyeomba radhi!"

"Kwa nini hukutuambia?"

"Aibu. Na hofu pia. Mkuu wa kijiji angesikia, angekataza kuanika barabarani. Harusi ilipokwisha nikaona kuti lile limewageuza wote, hakuna wa kuumia, na karafuu zinakauka. Nikasema, acha lisimame; kila Jumapili alfajiri naweka bichi, wakishageuka naliondoa. Kisha nikaona mama yako ameshusha begi, ndio nikashikilia zaidi. Niliwaza: karafuu zikitoka vizuri mwaka huu, nitampa zote, atabaki."

"Mbah," Wening alisema, na machozi yakaanza kumtoka, "mama ameshusha begi kwa sababu wateja hawaji."

Mzee alilitazama kuti magotini. Kisha akachomoa panga kiunoni, akalikatakata vipande na kuvitupa mtaroni.

"Endah, mwanangu, baba yako ameamka?"

"Anakamua tui."

"Nipelekeni kwake."

Pak Tukiran alisikiliza yote, mikono imejaa machicha ya nazi. Mbah Kromo alipomaliza kuomba radhi, na Wening naye akaomba yake, mwenye kibanda alishusha pumzi.

"Wiki nzima watu wananipita bila kununua hata kikombe. Nikasema, basi dawet yangu imeharibika! Usiku nimeonja mpaka tumbo limeniuma." Alicheka kidogo, kisha akawa makini. "Iliniuma, Mbah, sikufichi. Lakini kiwanja cha voliboli si kipo? Jua linakipiga tangu asubuhi, na vijana hawachezi mpaka jioni. Ungesema tu, tungekubebea majamvi."

Waendesha baiskeli walipofika njia panda hawakukuta kuti. Walimkuta mzee mmoja amesimama katikati ya barabara. Mbah Kromo aliwaeleza mwenyewe, bila kupunguza neno. Kijana mmoja mwenye kovu jipya gotini alisukuma baiskeli yake mbele.

"Kumbe! Mimi nilidhani umenikasirikia, Mbah. Nimekuwa nikiogopa kupita kwako."

Asubuhi hiyo walipanda Watuloyo wote, wakiulaani mlima kama zamani, na tempe ikaisha kabla chai haijachemka mara ya pili. Mas Haryo aliwauliza wenzake, wakapiga kura papo hapo: watapanda kwa Bu Lastri, watateremka upande wa pili, na watamalizia kwa dawet ya Pak Tukiran.

Jumatatu Wening alisimama mbele ya darasa. Aliwaeleza kwamba aliyefunga kuti ni babu yake, si Pak Tukiran. Alipoketi, Endah alisogeza mfuko wa chipsi katikati ya dawati.

Jioni Wening alimsaidia babu kukusanya karafuu kiwanjani. Mama alikuwepo pia, akichambua makonyo, vile vijiti vya karafuu.

"Wening," Mbah alisema, "karafuu mbichi ukiirundika gizani inafanya nini?"

"Inavunda."

"Basi, mimi nilirundika kosa langu, wewe ukarundika shaka yako, nusura vyote viozee nyumba moja. Ukikosea, sema mapema, aibu yake ni ya siku moja. Na ukimshuku mtu, nenda kamuulize kabla hujamtangaza. Mimi nimejifunza uzeeni. Wewe usingoje uzee."

"Na huyo mwizi mliyemtafuta njia nzima," mama aliongeza, "alikuwa anakula tempe yangu kila siku. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mbah alicheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

Jumapili iliyofuata Wening aliamka, akaenda kuwasha moto. Mlangoni alikuta begi la bluu limesimama, limejaa, zipu imefungwa. Akapiga magoti, akafungua zipu. Ndani kulikuwa na bilauri mpya za chai, kila moja imeviringishwa kwenye gazeti.

"Libebe taratibu," mama alisema kutoka jikoni. "Ukizivunja, wageni watanywea viganjani."