Mashine ya Kuzoa Maji

Maji yakimwagika huzoleka. Ndivyo walivyosema wakazi wa jiji la Korogwe tangu Mzoaji alipojengwa: mashine ya kufuta kumbukumbu kichwani na, ukitaka, kuirudisha kama ilivyokuwa.

Kila Ijumaa Bi Mwanjaa alilala chini ya Mzoaji ili amsahau Kombo, mwanawe aliyefukiwa na vumbi la Mwezini. Saa moja tu apumue. Fundi wa mashine alikuwa bintiye, Rukia.

"Nifutie, mwanangu. Lakini usinipige muhuri."

"Nimekuweka kwenye Subira, mama, kama siku zote."

Katika hali ya Subira, kilichofutwa kiliweza kurudi mpaka fundi apige muhuri. Katika hali ya Papohapo, kila amri ilijipiga muhuri yenyewe, basi tena. Ila Subira ilikuwa ya kikao kimoja. Kikao kikikatika, kipya kilifunguka katika Papohapo.

Siku hiyo, kabla ya kufuta, umeme ulikatika ukarudi. Kioo kikazimika, kikawaka. Rukia akakitazama kidogo, akabonyeza Futa.

Mama aliamka akicheka. Akaagiza chai ya tangawizi, akamgeukia mumewe, Mzee Shekiondo. "We mzee, mvi zote hizi umezitoa wapi?"

Saa ilipokwisha, Rukia akabonyeza Rudisha. Kioo kikajibu: Hakuna cha kurudisha.

Bi Mwanjaa akaishika picha iliyoning'inia shingoni mwake. "Kijana mzuri huyu. Wa nani?"

Mzee alimvuta bintiye pembeni. "Kikao kilikatika?"

"Kilikatika."

"Ukasahau kuweka Subira?"

"Sikusahau. Niliona kioo kimeandika Papohapo. Nikabonyeza."

"Rukia! Si alikukataza?"

"Ijumaa baada ya Ijumaa, baba, mimi ndiye niliyemuua Kombo upya mbele yake. Wewe ulikisikia kilio ukiwa nje ya ukuta. Kichwa cha mama nilikishika mimi."

Nyuma yao sauti ikaanza kuimba. Bi Mwanjaa alikuwa amekunja mikono kifuani, anabembeleza hewa, anaipigapiga mgongo polepole. Akanyamaza. Akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mikono ikaendelea.

"Mwombe mama yako radhi," Mzee alinong'ona.

"Simwombi," Rukia akasema. "Na wewe sikuombi."