Mjuliahali Usiosubiri

Kila Jumatatu asubuhi nchi nzima ilijuliwa hali kwa wakati mmoja. Katika kila nyumba kisemeo cha ukutani kiliwaka taa ya kijani, na sauti ya upole ikauliza: "Habari za afya hapo nyumbani?"

Huo ulikuwa Mjuliahali, mtambo uliogawa fedha za matibabu kwa mikoa. Ulisikiliza majibu, ukapima ugonjwa uko wapi, na kufikia mchana dawa, wauguzi na vipepeo, yaani ndege ndogo za wagonjwa zisizo na rubani, vilikuwa vimeelekezwa kwenye uhitaji mkubwa zaidi.

Mhandisi Sekela ndiye aliyeubuni. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba fedha hazitafuata tena mkoa wenye mbunge mwenye sauti kubwa. Zitafuata maumivu.

Mwaka ule mkoa wa Nyika uliibuka wenye afya kuliko yote. Vipepeo vyake vikahamishiwa mkoa wa Mwambao, na Sekela akatumwa kupeleka ngao ya pongezi kwenye nyumba moja ya mfano, iliyochaguliwa na mtambo wenyewe. Muuguzi wa huko, Mwajabu, alimpokea kwenye kituo cha treni bila kutabasamu. Akamwongoza hadi kwenye nyumba hiyo.

Uani walikuta watu wameketi mikekani, kimya.

"Habari za hapa, kaka?" Sekela alimsalimu mwenye nyumba, mwanamume mrefu aitwaye Chilongani.

"Nzuri tu, dada. Karibu."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Za safari?"

"Njema."

Akaletewa kigoda na maji. Chilongani alisubiri mgeni anywe, ndipo akainamisha kichwa. "Ila tumefiwa. Mke wangu tumemzika juzi. Uchungu wa uzazi ulimzidi, tukaita kipepeo. Tukaambiwa vimekwenda Mwambao, maana sisi huku hatuumwi."

"Mpe ngao yake basi, mhandisi," alisema Mwajabu.

Sekela aliisukuma ngao nyuma ya kigoda. "Kaka, Jumatatu ile Mjuliahali ulipokuuliza, mkeo alikuwa tayari anaumwa?"

"Miguu ilikuwa imemvimba, kichwa kinamgonga."

"Ukajibu nini?"

"Salama." Alimtazama kwa mshangao. "Ningejibu nini? Mtu anakujulia hali, unamrushia shida usoni hata maji hajanywa? Nilisema salama, nikavuta pumzi nimweleze. Sauti ikasema asante, ikakata."

Sekela alifumba macho. Alimkumbuka mwenzake Nkwabi, siku walipokuwa wakiujaribu mtambo kwa watu wa jijini.

"Bibi zetu ukiwaachia nafasi," Nkwabi alikuwa amesema akicheka, "watakuuliza mpaka hali ya kuku. Mtambo utazeeka kabla haujafika kwenye ugonjwa."

Sekela naye alicheka, kisha akauamuru mtambo upokee jibu la kwanza tu. Jijini lilitosha. Watu wa huko walishazoea mashine, walianza na malalamiko moja kwa moja. Naye Sekela alikuwa mjukuu wa bibi aliyesema "hatujambo" akiwa kitandani hajiwezi. Alijua. Alikuwa na haraka tu ya kutenda haki.

"Na mtoto mchanga je?" aliuliza.

"Yupo kwa bibi yake. Hajambo," alisema Chilongani.

Safari hii Sekela alinyamaza, akangoja.

"Ila hanyonyi vizuri," Chilongani akaongeza.

Siku ileile Sekela aliagiza kipepeo kirudishwe Nyika, na mtoto akafikishwa hospitali akiwa hai. Kisha akarudi jijini kuufundisha mtambo adabu: kupokea salamu, kurudisha salamu, kunyamaza, kusubiri. Fedha zilianza kurudi Nyika, na vipepeo vikafuata.

Jumatatu iliyofuata aliomba ruhusa ya Chilongani kusikiliza kutoka jijini akijuliwa hali, akapewa.

"Habari za afya hapo nyumbani?"

"Salama."

"Tunashukuru. Na sisi hatujambo." Kisha Mjuliahali ukanyamaza, kama ulivyofundishwa. Sekela naye akazuia pumzi. Alisikia jogoo, ndoo ikiburuzwa, mtoto akilia kwa mbali.

"Salama," Chilongani alirudia. "Asante."

Akakata yeye.

Sekela alikaa mbele ya kisemeo mpaka taa ya kijani ikazimika. Kisha akajitanda mtandio, akaenda kutafuta treni ya Nyika, akamjulie hali ana kwa ana.