Tangazo la Mishahara

Maiti ya Darlene Stroud ilikutwa kifudifudi chini ya bawa la ndege, ndani ya banda la kampuni iliyokodiwa na jeshi kufundisha marubani vita vya angani. Kando yake kulikuwa na chuma cha kukokotea ndege, kimetapakaa damu.

Inspekta Ofelia Barela wa polisi wa mji wa Alamogordo, Marekani, alifika asubuhi. Marubani walikuwa tayari wamevaa mavazi ya kurukia.

"Hakuna ndege kuruka," alimwambia meneja, Gary Lindqvist.

"Jeshi litatuvunjia mkataba!"

"Livunje. Darlene alikuwa na kazi gani?"

"Kuajiri marubani. Jana tuligombana. Alitaka kutangaza mishahara ya wote waziwazi. Alichoka kuwadanganya anaowaajiri."

"Nani mwingine alijua?"

"Mmoja tu. Aliniambia, 'Nimeshamwonya atakayeumia zaidi.' Jina hakulitaja."

Ofelia alimwita Brent Ocasio, rubani mpya, anayelipwa kidogo kuliko wote.

"Ulimtukana marehemu jana."

"Nilimwita mwizi. Mke wangu ana mimba, nalipwa kiduchu, ulitaka nimwimbie?"

"Ulijua angetangaza mishahara?"

Brent aliduwaa. "Angetangaza? Afande, ningembusu mikono!"

Ofelia alinyanyuka ghafla. Wa kuumia hakuwa mwenye kipato kidogo. Alimrudia Gary mbio.

"Nani analipwa kuliko wote?"

Gary aliinamisha macho. "Wendell Pruitt. Mara mbili ya wenzake."

Wendell! Mkongwe wao, msemaji wao, aliyekuwa akiwaapia kwamba wote wanalipwa sawa.

Nje, injini ilinguruma. Ndege ya Wendell ilianza kusogea.

Ofelia alikimbia akasimama mbele ya pua yake, mikono juu. Ndege ikaja. Ikaja. Ikasimama. Injini ikazimwa, na Wendell akashuka, uso umemparara.

"Kile chuma hushikwa na mafundi tu," Ofelia alisema, akihema. "Tutakuta alama za vidole vya nani?"

"Vyangu."

"Kwa nini?"

"Nililipwa niwalete wenzangu kutoka jeshini, kisha niwatulize. Curtis, rubani mwenzetu, nilimleta mimi. Alipotaka nyongeza, nikamwambia hata mimi napata hiyohiyo. Akaanza kuchukua safari za ziada ili alipe nyumba. Akasinzia hewani."

"Akafa."

"Akafa. Wanawe wananiita baba mkubwa." Wendell alifuta mdomo. "Darlene alinitaka nikamwambie ukweli Renee, mjane wa Curtis, kabla hajausikia kwa watu. Nilimsihi anyamaze. Akakataa."

"Kwa hiyo hukwenda."

"Nilikwenda, afande. Nilifika mpaka mezani. Renee akanipakulia enchilada, akanishika mkono, akanishukuru kwa kumtunza mumewe."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia chakula ni kitamu. Kisha nikaja huku kumtafuta Darlene."