Picha ya Pili ya Veronika

Mara ya kwanza Veronika aliruka kijito salama salimini. Mara ya pili ndiyo iliyomvunja.

Na ile ya pili hakuitaka yeye. Aliitaka Kibwana, mpiga picha wa michezo kutoka Mafiga, mtu aliyezeekea pembeni mwa viwanja akijigamba kwamba hajawahi kumwomba mchezaji yeyote arudie. Ukikosa umekosa, ndivyo alivyowafokea wapiga picha vijana. Yeye ndiye aliyemtoa Veronika gazetini kwa mara ya kwanza, binti wa Kihonda akikata utepe peku, na sasa alikuwa akipiga picha za mazoezi yake huku milimani Uluguru, juu ya Mlali, kabla hajaenda kukimbia ng'ambo.

Kibwana alitazama kioo cha kamera, akakunja uso.

"Imetoka na ukungu. Hebu rudia, mwanangu."

"Mzee Kibwana, mvua ile inakuja."

"Mara moja tu."

Veronika akarudi ng'ambo ya kijito, akaruka. Jiwe likabingirika, mguu ukazama katikati ya mawe mawili, na muundi ukakatika kwa mlio ambao Kibwana aliusikia juu ya kelele za maji.

Mvua ikawakuta hapo hapo. Kabla hajamchomoa, kijito kilikuwa kimegeuka tope linalobingirisha magogo, na begi lenye simu zao wote wawili likaenda na maji, ikasalia kamera shingoni mwa Kibwana. Alimburuta hadi chini ya mwamba, akaunyoosha mguu kwenye fimbo ya kusimamishia kamera na kuufunga kwa mkanda wake wa suruali.

"Kaza," akasema Veronika.

"Mfupa umetokeza."

"Nimesema kaza!"

Mvua iliwafungia pale usiku huo, mchana wa kesho yake na usiku mwingine. Hawakuwa na moto wala chakula. Walilamba maji yaliyochuruzika mwambani, wakatetemeka mpaka taya zikauma. Mguu ulivimba, ngozi ikang'aa, kisha ukaanza kunuka, na kila mmoja akajifanya hasikii harufu.

"Nisipofika hospitali leo, wataukata," Veronika akasema mvua ilipokatika. Kifo hakukitaja kabisa. Alichokiogopa ni mguu tu.

Kibwana akamwachia kamera apige flashi kuelekea mashamba ya mteremko wa pili, naye akatoka kupapasa njia. Aliporudi alimkuta ameikodolea kamera macho.

"Mzee, hii ndiyo iliyotoka na ukungu?"

Ndani ya kioo Veronika alikuwa hewani juu ya kijito, matone yakiruka kutoka kwenye viatu, na ungeweza kuyahesabu. Kibwana akapangusa kioo kwa shati. Akapangusa tena.

"Si unaona mwenyewe," akasema.

Veronika akanyoosha mkono. "Vidole vingapi hivi?"

"Vitatu."

Alikuwa amekunja ngumi.

Macho ya Kibwana yalishaanza kufifia tangu mwaka uliopita, akaficha. Kamera za siku hizi hujitafutia ukali wa picha zenyewe, kwa hiyo hakuna mhariri aliyegundua. Na mpiga picha kipofu ataitwa kazini na nani? Unaweza kumwelewa, na bado ukamchukia. Neno moja tu, "sioni vizuri," lilikuwa linatosha, na lilimshinda kulitamka.

Veronika hakulia. "Nibebe," akasema. "Usikanyage mpaka niseme."

Wakashuka hivyo, yeye mgongoni, mzee akichungulia ardhi asiyoiona.

"Kushoto. Jiwe. Shuka. Nimesema shuka!"

Kibwana aliteleza mara nyingi, na kila alipoanguka mfupa ulisogea. Veronika alipiga yowe, akamchapa kofi la kisogo, kisha akaendelea: "Inuka. Kulia." Neno mzee hakulitumia tena.

Mchana, wakulima wa maharage waliokuwa wameona mwanga wa flashi wakawakuta kwenye ukingo wa shamba. Wakakata miti, wakafunga kanga, ikapatikana machela.

"Poleni jamani! Mmekaa huko toka lini?"

"Uangalieni mguu wake," Kibwana akasema, akihema. "Mimi niacheni, uangalieni mguu."

"Uangalie wewe," Veronika akamwambia.

Madaktari waliukata chini ya goti.

Kibwana alifika wodini Veronika alipoanza kuketi, kamera ikining'inia shingoni. Alisimama akielekea kitanda cha jirani mpaka alipoguswa na kugeuzwa.

"Nimekuletea hii," akasema, akiivua. "Iuze, itupe, vyovyote. Sipigi tena."

"Utapiga."

Veronika akalifunua shuka, akaegemea mto na kuinua kidevu, kama Kibwana mwenyewe alivyomfundisha enzi za uwanjani.

"Nipige."

Mzee akapiga. Akampa kamera aitazame, maana yeye asingeweza.

Ilikuwa picha safi. Kila uzi wa bandeji ulionekana, na juu yake uso wa Veronika, na ndani ya macho yake kivuli kidogo cha mtu aliyeshika kamera. Kibwana hajawahi kupiga picha nzuri kuliko ile. Veronika aliitazama kwa muda mrefu.

"Imetoka na ukungu," akasema, akimrudishia. "Rudia."

Kibwana akaiinua tena kamera jichoni.