Shubiri ya Mama Mulongo

Sisi tunaishi Kayole, kwenye flati ya orofa tatu. Chumba chetu ni cha kwanza ukiingia geti. Tuko wawili, mimi na mke wangu. Jina lake ni Khavere, lakini hapa wanamwita Mama Mulongo, kwa sababu kijana wetu wa kwanza ni Mulongo.

Asubuhi yeye ndiye anaamka kwanza. Anawasha stovu, anachemsha chai. Halafu anafagia mbele ya mlango. Siku zile ninazosimulia, alikuwa akimaliza kufagia anafagia tena. Mimi nilifikiria ni usafi. Kumbe hakuwa na kitu kingine cha kufanya.

Wacha nieleze vizuri. Mimi nilifanya kazi kiwandani huku Nairobi miaka thelathini. Yeye alikaa nyumbani, Vihiga. Alilima, alilea watoto, alizika mama yangu. Mimi nilikuwa mtu wa Disemba tu. Halafu mwaka wa tisini na sita goti lake likavimba. Daktari akasema aonekane kila mwezi. Ndiyo akaja kukaa na mimi. Nilifurahi sana, hata nikapaka chumba rangi.

Yeye hakufurahi. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Majirani wanapita mbio, wanasalimu "sasa" na wameshapotea. Siku moja mwezi wa saba akaniambia, "Baba Mulongo, kule nyumbani hata kuku wananijua. Hapa nani ananijua?"

"Si mimi nakujua?"

"Wewe unalala na redio masikioni."

Hiyo ilikuwa kweli.

"Mwambie Mulongo aje anichukue," akasema. "Agosti ikiisha, nataka niwe nyumbani."

"Na goti?"

"Goti ni langu."

Nikatuma neno. Mulongo akajibu kwamba atakuja Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Mimi nilikaa na hiyo tarehe kama mwiba kwenye kiatu. Miaka thelathini nimengoja kukaa na mke wangu, na sasa anaenda baada ya miezi mitatu.

Sasa, orofa ya pili anaishi mama mmoja Msomali, Ruqiyo. Yeye ni fundi wa nguo, mtu wa maneno machache na macho makali. Huyo siku moja alimkuta mke wangu anafagia mara ya pili.

"Mama Mulongo," akasema, "hiyo simiti utaitoboa. Wewe unajua kushona?"

"Nashona kifungo. Nashona suruali ya mzee ikipasuka."

"Hiyo inatosha. Jumatano njoo juu ya paa, kwenye kamba za nguo. Tunashona blanketi ya viraka."

"Viraka? Mimi si maskini hivyo."

Ruqiyo akacheka. "Njoo uone kwanza, halafu utukane."

Akapanda. Nami nikapanda nyuma yake na kiti changu, nikisema naenda kuota jua. Jua lenyewe halikuweko. Julai ya Nairobi mnaijua.

Kule juu walikuwa na mkeka, chupa ya chai ya iliki, na gunia la vipande vya nguo. Ukiacha Ruqiyo, walikuwa wanawake wawili. Mmoja ni Nyamai, Mkamba, anauza nyanya hapo steji ya matatu, na mdomo wake haupumziki. Mwingine ni Qamar, msichana mdogo aliyeolewa juzi, mwenye mimba kubwa. Ruqiyo akatandika blanketi moja aliyoshona yeye. Ilikuwa miraba midogo midogo, nyekundu, kijani, ya maua, ya mistari, yote imeshikana. Mke wangu akaipapasa. Akaigeuza nyuma. Akaipapasa tena.

"Hii ni vipande vya kutupwa?" akauliza.

"Vyote. Vile fundi anafagia," Ruqiyo akasema. "Juu viraka, katikati blanketi kuukuu, chini shuka. Unashona zote tatu pamoja. Baridi haiingii."

"Na ni ya nani?"

"Tunashona kwa zamu. Ya kwanza ni ya Qamar, mtoto asipate homa ya baridi. Halafu ya Nyamai. Halafu yako, ukikaa."

Mke wangu akaniangalia, akaangalia chini.

Ruqiyo aliwafundisha polepole. Kitu cha kwanza ni kufua.

"Kwa nini nifue kitu kipya?" Nyamai akauliza.

"Kitambaa kingine kinapungua kikiingia maji, kingine kinatoa rangi. Ukishona bila kufua, siku ya kwanza kwa maji, nyekundu inaingia kwa nyeupe, na upande mmoja unajikunja. Loweka nyekundu peke yake. Badilisha maji mpaka yatoke safi. Halafu anika, halafu piga pasi."

Basi wakafua. Kamba zikajaa vipande vidogo kama ni nguo za watoto mia moja. Nyamai akasema, "Watu wakipita chini watasema Qamar amezaa darasa mzima!" Qamar akacheka mpaka akashika tumbo. Na mke wangu akacheka. Mimi nilizima redio nisikie vizuri.

Jumatano tatu zikaenda hivyo. Kiswahili chake kikaanza kutoka. Mimi nikaanza kuwa na tumaini.

Halafu Ruqiyo akaenda Garissa, harusi ya dada yake, wiki mbili. Alikuwa hajawaonyesha kukata. Akasema, "Nikirudi nitaleta kadi ya kupimia. Mningoje."

Wao hawakungoja. Tumbo la Qamar lilikuwa linawaambia wafanye haraka. Wakakaa kwa mkeka wakiangalia vitambaa vimepigwa pasi.

"Tutapima na nini?" Qamar akauliza. "Hakuna rula."

Mke wangu ndiye alisema. "Shubiri. Kutoka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Kwetu napanda vitunguu na shubiri, na mistari inanyooka. Kila mtu akate miraba kumi na sita, shubiri kwa shubiri. Kumi na sita mara tatu ni arobaini na nane. Inatosha mtoto."

Lilikuwa neno lake la kwanza refu mbele ya watu. Wakafurahi. Kila mtu akabeba vitambaa vyake, akaenda kukatia nyumbani. Mke wangu alikata mezani kwetu siku mbili, anaimba. Mimi nilishika upande ule mwingine wa kitambaa. Sikuona kosa lolote, nawaambia ukweli. Hata mimi kwetu nimepima hivyo.

Jumatano wakakutana juu, wakapanga miraba kwa mkeka. Ya Qamar ilikuwa midogo kama kipande cha mkate. Ya Nyamai ilikuwa ya katikati. Ya mke wangu ilikuwa mikubwa, inazidi ya Qamar vidole vitatu. Ukiweka moja kando ya nyingine, hakuna kona inakutana na kona.

Halafu Nyamai akachukua mraba mmoja wa mke wangu, akaushika juu.

"Mama Mulongo! Huu ni mkono ama ni sinia?"

Qamar akacheka. Nyamai akacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kidogo. Mke wangu akaangalia mikono yake. Akaifunga ndani ya leso. Akainuka na goti lake, akashuka ngazi.

Nilimkuta anatoa begi chini ya kitanda.

"Nimeharibu vitambaa vyote," akasema. "Hakuna vingine. Mtoto anakuja wiki mbili zijazo."

"Ni utani tu, mama."

"Wewe pia ulicheka. Nilikusikia. Mulongo akija, nitakuwa nimefunga kila kitu."

Siku tatu hakupanda juu. Hakufagia hata mara moja. Heri angefagia.

Ruqiyo akarudi Jumamosi. Mimi nikapanda ngazi mbio kuliko umri wangu, nikamweleza yote. Alishika mkasi wake, akachukua Nyamai kwa mkono, wakashuka kwetu. Qamar akafuata pole pole na gunia la miraba.

Nyamai akasimama mlangoni. Alikuwa amejifunza neno moja la kwetu kwa mteja wake wa nyanya.

"Mirembe, Mama Mulongo."

Mke wangu akageuka. Hajasikia salamu ya kwao kwa jirani tangu aje. "Mirembe," akajibu, lakini bado uso umefunga.

"Mimi mdomo yangu haina breki," Nyamai akasema. "Nilifanya vibaya. Hata mimi nilikata, hata yangu ilikosea. Lakini nikaona ni rahisi kucheka wewe."

Ruqiyo akamwaga miraba kitandani. "Nani alisema mpime na shubiri?"

"Mimi," mke wangu akasema.

"Shubiri si mbaya. Ukiwa shambani peke yako, mkono ni mmoja, mistari inanyooka. Hapa mikono ni mitatu. Kila mtu amepima sawa, na bado miraba haiwezi kukutana. Kazi ya watu wengi inataka kipimo kimoja." Akachukua mraba wa Qamar. "Huu ndio mdogo kuliko wote. Naweza kuuongeza?"

"Huwezi," mke wangu akasema.

"Na huu wako, naweza kuupunguza?"

Mke wangu akaupapasa mraba wake. Halafu akasema polepole, "Unaweza."

"Basi sikia. Mraba mkubwa haujaharibika. Unakatwa, unakuwa sawa. Kama nyote mngekuwa na mkono wa Qamar, tungepata blanketi ya paka."

"Haki mkono yangu si ndogo hivyo!" Qamar akapiga kelele, na wote wakacheka. Mara hii mke wangu alikuwa wa kwanza.

Ruqiyo akaomba karatasi ngumu. Nikatoa boksi la viatu vyangu vya kanisa. Akalaza mraba mdogo juu yake, akachora, akakata. Kadi ikatoka.

"Hii kadi ni moja," akasema. "Weka juu ya kila mraba, chora na chaki, kata. Usipime na mraba uliokata sasa hivi. Ukifanya hivyo, kila mmoja unazidi kidogo, na wa mwisho unakuwa mkubwa. Rudi kwa kadi kila saa. Na ukishona, acha upana wa kidole kidogo pembeni, pande zote. Hiyo ndiyo inameza uzi. Ukiacha kidogo sana, inafumuka."

"Na haya mabaki yangu?" mke wangu akauliza. Alikuwa ameshakata mraba wa kwanza, na mkononi ana kipande kirefu.

Ruqiyo akakivuta, akakiangalia. "Miraba yote sasa ni midogo. Blanketi itakuwa fupi. Tutaizungusha na hivi vipande vyako, pande zote nne. Ni wewe peke yako una vipana."

Walishona pale kwetu jioni yote, kitanda kizima kimejaa nguo. Mimi nilikaa nje kwa kiti. Jumatatu wakarudi juu. Blanketi ikaisha Jumatano, na Qamar akajifungua Ijumaa, msichana. Walimleta nyumbani amefungwa ndani ya blanketi yake, pua tu inaonekana. Baridi ilikuwa kali wiki ile, lakini mtoto alilala bila kikohozi.

Sasa turudi kwa Mulongo. Jumamosi ya mwisho ya Agosti alifika, ametoka safari, na gunia la viazi vitamu. Begi la mama yake lilikuwa mlangoni, limejaa. Sikuligusa. Nilikuwa naogopa hata kuliulizia.

"Mama ako wapi?" akauliza.

Tukapanda juu. Mke wangu alikuwa kwenye mkeka, na wanawake wapya wanne wa flati ya jirani mbele yake. Alikuwa ameshika kadi.

"Rudi kwa kadi," alikuwa anamwambia mmoja. "Wewe unapima na nini? Nakuona! Rudi kwa kadi!"

"Mama," Mulongo akasema. "Nimekuja kukuchukua."

"Karibu, mwanangu. Shika hapo." Akampa pembe ya shuka. Mulongo akashika. "Vuta. Si hivyo, inyooke. Viazi umeleta?"

"Nimeleta. Mama, basi inatoka kesho asubuhi."

"Uende salama. Hii blanketi ni ya Nyamai, bado hatujafika nusu. Baada ya hii ni yangu. Nitakuja Disemba na baba yako."

Ndani ya begi alikuwa ameweka nyuzi na vitambaa. Tulifungua jioni tukaona.

Asubuhi nilimsindikiza Mulongo mpaka getini. Kijana alikuwa amekunja uso, hajui atafika nyumbani aseme nini.

"Baba, shangazi wote wamejitayarisha. Wamechinja mpaka kuku. Niwaambie nini?"

"Waambie wale kuku," nikasema. "Mama yenu ako kazini."